Kanisa Limejaa Ibada Gani?

Kwa mara ya tatu mwaka huu nimeitwa na baraza la wazee wa usharika wa Kilutheri hapa Dar es Salaam niwafanyie makadirio ya kanisa la watu 2,000, na nilipouliza idadi hiyo imetoka wapi, nikajibiwa kwa sauti moja: "Kanisa limejaa." Mimi ni mkadiriaji majenzi na pia ni mzee wa kanisa katika usharika wangu, kwa hiyo naufahamu uchungu wa kuwaona washarika wakisali nje chini ya turubai. Hata hivyo, jibu hilo limenichosha, kwa sababu limekwisha kula fedha nyingi za watu wanaotoa kwa imani.

Limejaa ibada gani? Nilikwenda mwenyewe Jumapili. Ibada ya saa 1 asubuhi ilifurika hadi barazani. Ile ya saa 4 mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu. Kwaya nne zilikuwa zimekaa mbele na kushika nafasi ambayo, kwa kipimo cha sentimita 50 kwa mtu, ingewatosha wengi wa waliosimama nje. Mtu anaweza kusema hayo ni mambo madogo ya ratiba, lakini ratiba hurekebishwa kwa kikao kimoja, ilhali ukuta ukishabomolewa hauna marekebisho.

Hapa naomba tuvumiliane, maana ndipo mabaraza mengi yanapokosea. Usharika una hesabu tatu zisizolingana: walioandikwa kwenye rejesta, wanaofika ibadani, na wanaorudisha bahasha za ahadi. Rejesta haipungui kwa urahisi, kwa sababu anayehamia Kibaha au Chanika mara nyingi haombi barua ya uhamisho. Anaendelea kuja mara moja kwa mwezi, Krismasi, na siku ya kipaimara cha mtoto wa dada yake. Kwa hiyo anahesabiwa kama msharika kamili, anapangiwa kiti na kuwekewa ahadi ya ujenzi, wakati maisha yake yote yamekwisha kuhama. Anayejua ukweli huo ni kiongozi wa jumuiya, yule anayegonga mlango siku ya ibada ya nyumbani na kukuta mpangaji mwingine. Sijawahi kuona baraza likimwita kiongozi wa jumuiya kwenye kikao cha kupanga ujenzi, nami huliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko lolote la kwenye ramani.

Na wanaohama si wachache. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, lakini mkoa wa Pwani unaouzunguka ulitoka 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani karibu mara mbili. Familia za vijana zinajenga huko pembezoni, ambako kiwanja bado kinanunulika. Usharika wa katikati ya jiji unaopanga kupanuka papo hapo unawajengea watu ambao wanaendelea kuondoka.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Wazee hudhani kanisa lenye upana mara mbili litagharimu mara mbili. Kwa mzigo uleule kwa kila mita, upana ukizidishwa mara 2, nguvu inayoipinda kenchi, yaani fremu inayobeba paa, huzidi mara 4. Mbao zinashindwa, chuma kinaingia, nguzo na misingi inanenepa. Vyoo, maegesho na madarasa ya shule ya Jumapili husahaulika hadi mwisho. Niliwahi kuufanyia makadirio usharika mmoja ambao haukutaka kupunguza hata mita moja. Kuta zimefika kwenye linta, nondo zimeota kutu, na watoto bado wanafundishwa chini ya mwembe.

Ushauri wangu umekuwa uleule: tafuteni kiwanja chenye hati karibu na mahali washarika wanapohamia, fungueni mtaa, yaani tawi dogo la usharika, mpelekeni mwinjilisti, ezekeni banda la mabati, kisha mtazame. Lakini sitaficha kwamba ushauri huo una jeraha lake. Mtaa ukikua na kupandishwa kuwa usharika kamili, huondoka na watoaji wenye nguvu, na usharika mama hubaki na wazee, wajane na deni la paa. Mara moja niliwashawishi watu kufungua mtaa, nao wakaendelea kupanda mabasi mawili kila Jumapili kurudi kwenye kanisa walikofungia ndoa, na banda likabaki na watu wasiozidi thelathini. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila sikuwa nimeuliza wanapenda kusali wapi, na tangu hapo nakubali kwamba mkadiriaji hawezi kulijibu swali hilo kwa rula.

Baraza la wiki iliyopita lilinisikiliza bila furaha. Tumekubaliana kwamba kwa Jumapili nne mfululizo, zisizo na kipaimara wala sikukuu, wahudumu watahesabu watu katika kila ibada, watoto wakiandikwa peke yao, na viongozi wa jumuiya watapitia rejesta jina kwa jina. Makadirio ya kanisa la watu 2,000 sitayaanza kabla daftari hizo hazijafika mezani kwangu.