Kila mruko una ushuru wake: dhana potofu kuhusu kufanya kazi nyingi kwa mpigo

Saa tatu usiku ofisini nilikuwa nimebaki mimi na mlinzi, na daftari la benki lilikuwa limegoma kwa shilingi 90,000. Mhasibu akikutana na tofauti kama hiyo huigawanya kwa tisa kwanza. Ikigawanyika bila baki, anaanza kushuku kwamba mahali fulani tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Tisini elfu kwa tisa ni elfu kumi kamili. Nikarudia hati za malipo moja baada ya nyingine mpaka nikaikuta: mzabuni wa mafuta alidai 1,450,000, mimi nimemwingizia 1,540,000.

Dakika ile naikumbuka. Simu nilikuwa nimeibana begani, meneja anauliza salio la mradi. Mbele ya meza alisimama dereva akisubiri posho ya safari ya Kasulu, gari likinguruma nje. Kwenye kompyuta ujumbe wa kundi la kazi ulikuwa ukiingia mfululizo, na vidole vyangu viliendelea kuandika malipo. Asubuhi ya siku hiyo hiyo mwenzetu mmoja alinisifu mbele ya wageni kwamba naweza mambo matano kwa mpigo, na sifa ile niliipokea kwa moyo wote.

Nimefanya kazi ya uhasibu hapa Mwanga, mjini Kigoma, kwa miaka kumi na moja. Miaka mingi kati ya hiyo nilidhani makosa ya namna hii ni uzembe wangu tu. Nilipoanza kusoma yaliyopimwa kuhusu jambo hili niliona kwamba mengi tunayoyaamini maofisini hayana msingi, na yanatugharimu kila siku.

Dhana: ubongo unaweza kufikiria mambo mawili kwa wakati mmoja

Hauwezi, kama yote mawili yanahitaji kufikiri. Kutembea huku unazungumza kunawezekana, kwa sababu miguu imezoea njia. Lakini kujumlisha hesabu huku unajibu swali la bajeti ni kuruka: unaacha hili, unashika lile, unarudi. Mruko ni wa haraka kiasi kwamba mwenyewe huuoni, ndiyo maana unahisi kama yote yanakwenda pamoja.

Hata neno lenyewe la Kiingereza linalotumika kwa jambo hili, "multitasking", lilianzia kwenye mashine. Kampuni ya IBM ililitumia mwaka 1965 ilipoeleza uwezo wa kompyuta zake za System/360. Na kompyuta yenye kichakataji kimoja, yaani sehemu moja tu ya kupigia hesabu, nayo ilikuwa inarukaruka tu kati ya kazi na kazi, kwa kasi kubwa mno. Sisi tukaazima jina la mashine, tukajidai tunaweza hata lile ambalo mashine yenyewe haikuweza.

Gharama ya mruko imejulikana tangu mwaka 1927, pale Mmarekani Arthur Jersild alipowapa watu hesabu na kuona kwamba wanaopishanisha kujumlisha na kutoa wanachelewa kuliko wanaofanya aina moja mfululizo. Mwaka 2001 Joshua Rubinstein, David Meyer na Jeffrey Evans walieleza kinachotokea ndani: kwanza ubongo unabadili lengo, kisha unazima kanuni za kazi ya zamani na kuwasha za kazi mpya. Kazi inapokuwa ngumu zaidi, muda unaopotea nao unaongezeka.

Jaribu mwenyewe, unahitaji karatasi na saa tu. Andika KIGOMA UJIJI kwenye mstari wa kwanza, halafu chini yake andika namba 1 hadi 11, moja kwa kila herufi. Pima muda. Sasa rudia kwa kupokezana: K juu, 1 chini, I juu, 2 chini, mpaka mwisho. Alama ni zile zile 22. Niliwapa wenzangu wanne ofisini zoezi hili, na wote walikwama katikati, hasa kwenye zile J na I za Ujiji, mmoja akauliza, "Nilikuwa namba ngapi vile?"

Ndiyo maana nauita ushuru. Ni kama ushuru wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa: kwa ndoo moja ni kidogo, huwezi hata kuulalamikia. Jumlisha wa siku nzima ndipo utashtuka.

Dhana: "Sekunde moja tu, dada, sikukatizi"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu anayesema hivyo huwa anasema kwa nia njema kabisa.

Mwaka 2014 Erik Altmann na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliwapa wanafunzi 300 kazi ya hatua kwa hatua kwenye kompyuta, kisha wakawakatiza kwa muda mfupi sana. Katizo la wastani wa sekunde 2.8 liliongeza maradufu makosa ya mpangilio, yaani kuruka au kurudia hatua. La sekunde 4.4 liliyafikisha mara tatu. Sekunde tatu ni muda wa kuinua macho, kusema "faili liko kule," na kurudi. Hakuna anayehesabu hilo kuwa ni katizo.

Sasa toa makaratasi yangu, weka dawa. Dada yangu ni muuguzi. Anasukuma kitoroli cha dawa wodini, na kila akifika kitandani kuna ndugu anayeuliza daktari atapita saa ngapi, mgonjwa wa pembeni anayelalamika dripu imesimama, simu ya zamu inayolia. Hakuna mkorofi hata mmoja kati yao, kila mtu ana shida ya kweli. Ila yeye mkononi ana sindano, na kichwani ana jina la mgonjwa, dawa, kipimo na saa.

Johanna Westbrook na wenzake walifuatilia wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney, Australia, wakiangalia dawa zaidi ya 4,000 zikitolewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kila katizo lilikwenda pamoja na ongezeko la asilimia 12.7 la makosa ya kitabibu, kama vile kipimo au dawa isiyo sahihi. Pale ambapo muuguzi hakukatizwa, hatari ya kosa kubwa ilikadiriwa kuwa asilimia 2.3. Alipokatizwa mara nne, ilifika 4.7. Nilipomsomea dada takwimu hizi alikaa kimya, kisha akasema, "Mara nne? Mara nne ni kitanda kimoja."

Na katizo likiisha, haliishi. Sophie Leroy, katika utafiti wake wa mwaka 2009, alionyesha kwamba mtu akihamia kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka. Nayaona kama masalia ya ugali kwenye sufuria: umeshapakua, lakini huwezi kupikia kitu kingine humo kabla hujayakwangua.

Dhana: wanawake wameumbiwa kufanya mambo mengi kwa mpigo

Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani, Patricia Hirsch na wenzake, waliwapima wanawake 48 na wanaume 48 kwa majaribio ya kurukaruka kati ya kazi na ya kufanya mbili pamoja. Wote walichelewa, wote walikosea zaidi, na wala hakukuwa na tofauti ya maana kati ya jinsia. Mimi mwanamke nasema wazi: dhana hii ni namna ya kumrundikia mtu kazi huku unampamba. Wageni wakija ofisini, anayeinuka kutafuta chai ni nani? Na hesabu zake nani anazimalizia?

Watu hunitajia akina mama wa Kibirizi, mwalo wa dagaa hapa Kigoma, kama ushahidi. Shangazi yangu ameuza dagaa pale tangu sijaanza shule, kwa hiyo nimemwangalia kwa karibu. Alfajiri mitumbwi ikirudi na mzigo, yeye anapatana bei, anawaamuru vijana wa kubeba, anaanika, mjukuu yuko mgongoni. Ukimtazama kwa mbali utasema ana mikono minane. Mtazame kwa karibu. Dagaa wakishatandazwa, kazi iliyobaki ni ya jua. Mjukuu akilala, analala. Mikono inageuza dagaa kwa mazoea ya miaka, haiombi ruhusa kichwani. Kwa hiyo kichwa chake kinashughulika na jambo moja tu kwa wakati.

Na pesa ikitoka, kila kitu kinasimama. Anawageuzia watu ubavu, anainua kiganja cha kushoto, anasema, "Ngoja kwanza, nahesabu." Hata mnunuzi mkubwa kutoka mbali anasubiri. Akimaliza anafunga noti kwenye ncha ya kanga, anakaza fundo, ndipo anageuka: "Haya, ulikuwa unasemaje, mwanangu?" Hakusoma utafiti wowote. Anajua tu ni dakika ipi haiguswi.

Dhana: ukizoea unakuwa bingwa

Chuo Kikuu cha Utah kiliwapima watu 200 wakiendesha gari la kuigiza kwenye kompyuta huku wakijibu maswali ya kukumbuka na kuhesabu kwa simu. Waliofanya yote bila kupungukiwa walikuwa asilimia 2.5, yaani watu watano, kama Jason Watson na David Strayer walivyoandika mwaka 2010. Miaka mitatu baadaye watafiti wa chuo hicho hicho walikuta kwamba wanaojiona hodari zaidi na wanaorukaruka zaidi ndio hasa waliofanya vibaya kwenye vipimo. Watafiti wa Stanford nao, mwaka 2009, waliona kwamba watu wenye mazoea ya kutumia vyombo vingi vya habari kwa pamoja walishindwa zaidi kupuuza yasiyohusika. Hilo halithibitishi kwamba mazoea ndiyo yaliyowaharibu, huenda walikuwa hivyo tangu mwanzo. Lakini hayakuwafanya mabingwa.

Kwa wenzetu madereva, ambao ofisi huwapigia wakiwa njiani kana kwamba wamekaa mezani: kifaa cha sikioni hakiondoi hatari. Strayer na wenzake walikuta mwaka 2006 kwamba anayeongea na simu bila kuishika hana nafuu kuliko anayeishika, kwa sababu kinachoiacha barabara ni akili, mkono uwe huru au usiwe.

Dhana: hasara yake ni muda tu

Hapa nilishangaa. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake walichapisha mwaka 2008 jaribio ambalo waliokatizwa walimaliza kazi haraka zaidi kuliko wasiokatizwa. Walijisukuma kufidia. Walicholipia ni kingine: msongo zaidi, kukereka zaidi, hisia ya kubanwa na muda, nguvu nyingi zaidi kwa kazi ile ile.

Kwa hiyo bosi anaweza kutazama orodha ya kazi zilizokwisha akaona mambo safi. Deni linakwenda nyumbani na mfanyakazi. Nalijua deni hilo. Ni ile jioni mwanangu wa darasa la nne aliponiletea daftari la hesabu, swali moja la kugawanya, nikamjibu kwa ukali kana kwamba amenivunjia kitu. Alilifunga daftari taratibu, akaenda kumwuliza baba yake. Siku ile sikuwa nimechelewa kazi hata moja ofisini.

Dhana: dawa yake ni mtu kujifunza nidhamu

Nidhamu ipo, lakini simu haijipigi yenyewe. Kwenye ndege hawakuwaachia marubani wajitahidi kivyao: Marekani iliweka kanuni mwaka 1981 inayokataza mazungumzo na shughuli zisizo za lazima chumba cha rubani ndege ikiwa chini ya futi 10,000, yaani wakati wa kuruka na kutua. Ni utaratibu wa wote, hakuna anayeonekana ana maringo.

Yapo pia madogo yaliyopimwa. Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn walikuta mwaka 2015 kwamba watu walipofungua barua pepe mara tatu tu kwa siku, msongo ulipungua. Na ukilazimika kuacha kazi katikati, andika kwanza pa kuanzia utakaporudi: E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba mpango wa wazi wa kumalizia jambo hulizuia lisikusumbue ukiwa kwenye jingine. Mimi naandika kwenye kipande cha karatasi, "hati namba fulani, nimeishia jina la mzabuni," nakibandika kwenye kioo cha kompyuta.

Baada ya zile 90,000, ambazo mzabuni alizirudisha kwa uungwana, nilimwomba meneja tukae. Nilimpeleka karatasi ya makosa ya miezi sita, na pembeni ya kila kosa saa lilipotokea. Mengi yaliangukia siku tatu za mwisho wa mwezi, asubuhi, wakati kila mtu ananihitaji. Tukakubaliana: siku hizo tatu, kuanzia saa mbili hadi saa nne, sipokei simu wala mtu. Posho za safari zinaombwa siku moja kabla na kutolewa saa nane mchana. La dharura kweli anapokea katibu muhtasi, yeye ndiye anayepima.

Wiki ya kwanza madereva walininunia. Mwezi wa pili nikiwa katikati ya orodha ya mishahara, mlango ulifunguliwa, akaingia meneja mwenyewe na faili mkononi, mdomo tayari umeanza, "Samahani, moja tu..." Kiganja changu cha kushoto kikainuka kabla sijafikiri, vile vile kama cha shangazi. Alisimama. Nilimaliza mstari, nikaweka alama ya vema kwa penseli, ndipo nikainua uso.

"Karibu, mzee. Ulikuwa unasemaje?"