Chapa ya Gilda Mia: yanayosemwa na yaliyomo

"Ni picha ya Yesu akiponya wagonjwa." Hivyo ndivyo wengi wanavyoieleza Chapa ya Gilda Mia, picha maarufu ya mchoraji Mholanzi Rembrandt ya mnamo 1648, iliyochapwa kwa wino kutoka bamba la shaba lililochongwa, na hawajakosea, ila wameishia njiani. Karatasi ile imebeba karibu sura nzima ya Mathayo 19. Wagonjwa wanaingia kutokea kulia, mmoja akisukumwa kwenye toroli. Kushoto mama anamleta mtoto wake, na Petro ananyoosha mkono kumzuia. Karibu nao ameketi kijana tajiri, mkono usoni, akipima maneno aliyoambiwa. Nyuma yake Mafarisayo wanabishana. Halafu angalia langoni, kulia kabisa: ngamia! Msomaji wa Biblia hahitaji kuelezwa tundu la sindano. Mimi, lakini, hunivuta zaidi mikono ya mwanamke anayeomba, ambayo kivuli chake kimetua juu ya vazi la Yesu.

Wengine huona Mafarisayo wamechorwa kwa mistari michache, wakasema kazi haikumalizika. Sikubaliani nao. Wako kwenye mwanga mkali, nao wagonjwa wanatoka gizani. Ukiwajaza wino wale wa kushoto, mizani yote inavunjika.

Si kweli pia kwamba hii ni nakala ya mchoro wa rangi. Rembrandt aliibuni moja kwa moja kwenye bamba la shaba, akitumia tindikali, sindano na patasi ya kuchongea.

Jina je? Hakulitoa yeye. Ni la bei: barua iliyoandikwa Antwerpen mwaka 1654 inasema chapa hiyo ilishauzwa mara kadhaa kwa gilda 100 na zaidi (gilda ilikuwa fedha ya Uholanzi). Na anayedhani Waholanzi wa Kikalvini, yaani Waprotestanti wafuasi wa Calvin, hawakutaka picha za dini ajue kwamba waliziondoa makanisani, nyumbani zilibaki.

Dhana inayowagharimu wanunuzi ni kwamba chapa zote za bamba moja ni sawa. Shaba huchakaa kila inapopita kwenye mashine, na mistari iliyokwaruzwa kwa sindano moja kwa moja kwenye shaba, bila tindikali, ndiyo hufa kwanza. Katika miaka ya 1770 Kapteni William Baillie, mwanajeshi aliyekuwa pia mchonga chapa, alilinunua bamba hili likiwa limechoka, akalichonga upya, akachapa nakala zake, kisha akalikata vipande vinne na kuchapa kila kipande peke yake.