Anayeogopa bunduki siyo mjinga, acheni kumlazimisha aishike

Kazi yangu ni kufundisha watu matumizi salama ya bastola na bunduki, wenye leseni na wanaotafuta leseni. Kuna maneno wateja wananiambia kila mara mpaka nimechoka: "Mwalimu, mke wangu anaogopa bunduki kwa sababu haijui, nitakuletea apige risasi mbili tatu, atazoea tu." Wiki hii nimeambiwa tena, ndo maana naandika.

Hiyo dhana kwamba woga wa bunduki unatokana na kutojua ndo inayovunja nyumba nyingi kuliko bunduki yenyewe. Ukweli ni kwamba wengi wanaoogopa wanajua vizuri sana wanachoogopa. Kuna aliyewekewa mtutu kichwani na majambazi, kuna aliyekimbia vita, kuna aliyezika kaka aliyejiua kwa bastola ya baba yao, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, sasa wewe unamwambia "hujui"? Hapo umeshamtukana, usitegemee akusikilize tena.

Na hata yule ambaye hajawahi kukutwa na lolote, hofu yake ina msingi. Marekani mwaka 2021 walikufa kwa risasi watu zaidi ya 48,000, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hapati muda wa kubadili mawazo, karibu tisa kati ya kumi wanakufa. Kwa hiyo mama akikwambia anaogopa silaha ndani kwa sababu kijana wenu siku hizi amejifungia chumbani na haongei na mtu, huyo mama ameona hatari halisi kabla yako, msikilize.

Alafu hilo la "apige atazoea". Mlio wa bunduki unapita desibeli 140, kiwango ambacho hata mlio mmoja tu unaweza kuumiza sikio lisilokingwa, kuna mshtuko wa mkono, kuna maganda ya risasi yaliyopata moto yanaruka, na mtu ambaye tayari anatetemeka hapo hajifunzi kitu, anathibitisha tu kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Wanaotibu hofu kubwa wanakwenda hatua kwa hatua na mwenye hofu ndo anaamua mwendo, na mtu anayetetemeka akiwa na silaha yenye risasi mkononi ni hatari kwa wote waliopo. Mimi mtu aliyeletwa kwa kusukumwa simpi silaha siku hiyo hata mumewe anune vipi. Anakaa nyuma ya mstari wa wapigaji na vikinga masikio, anaangalia, anauliza, akitaka kuondoka anaondoka.

Mkiwa nyumbani muulize "unaogopa nini hasa?" kisha nyamaza umsikilize, usianze kumhubiria haki yako ya kumiliki. Mara nyingi maswali yake ni matatu tu: inakaa wapi, risasi zinakaa wapi, funguo anazo nani. Jibu kwa vitendo. Nunua sefu kabla ya kununua silaha, risasi zifungiwe sehemu nyingine, na usimtolee bastola mezani ghafla eti umuoneshe haina madhara, hilo nalichukia kuliko yote.

Dhana nyingine potofu nazipitia haraka. "Nimetoa magazini (kile kikasha cha risasi) kwa hiyo iko tupu." Hapana, risasi inaweza kubaki kwenye chemba, yaani tundu la ndani ambamo risasi hukaa tayari kupigwa, na bastola nyingi zitaipiga bila magazini, fungua chemba uangalie kwa macho na uguse kwa kidole. "Nimeweka sefti." Sefti ni kifaa tu cha kuzuia isifyatuke, kinaweza kuchakaa, mtutu bado hauelekezwi kwa mtu na kidole bado hakiingii kwenye triga. "Watoto hawajui nilipoificha." Wanajua, watoto wanajua kila kona ya nyumba. Sailensa ya kwenye muvi, kile kifaa kinachonyamazisha mlio kabisa, nayo haipo, ya kweli inapunguza kama desibeli 20 mpaka 35, mlio bado ni mkubwa.

Na wanaoogopa nao wana la kwao, kwamba bunduki inaweza kujifyatua yenyewe imelala tu. Ikiwa haina risasi haiwezi. Ila bastola za zamani zenye risasi kwenye chemba zikidondoka baadhi yake zinaweza kufyatuka, kwa hiyo usimjibu "haiwezekani kabisa", mwambie yetu haina risasi na mfungulie chemba aone, kama yeye mwenyewe ameomba kuona.

Sasa kuna wanaoniuliza, je nikifanya yote hayo na mwenzangu bado akasema hapana? Basi bunduki haiingii ndani. Kama sheria ya ulipo inaruhusu itunzwe klabu ya shabaha, itunze huko, kama hairuhusu usinunue.