Uvumbuzi wa gazetini: maana yake na namna ya kuutambua

Uvumbuzi wa gazetini ni chombo kilichotangazwa kwa picha na maelezo kana kwamba kipo tayari au kiko njiani, hali ya kuwa hakikuwahi kufanya kazi iliyosemwa. Makaazi yake ni karatasi: mchoro, kichwa cha habari, pengine na hati ya serikali inayomtaja mvumbuzi. Nje ya hapo hakipo, au kipo kama sampuli iliyoshindwa. Anayepekua magazeti ya zamani, iwe ni kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani au kwenye kurasa zilizowekwa mtandaoni, atakutana na vyombo vya aina hii kila mara, na asipovijua anaweza kuandika historia ya kitu ambacho hakikutokea.

Mfano ulio wazi ni gari la angani la William Henson. Mwaka 1842 Mwingereza huyu aliomba hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi, kwa ndege itakayoendeshwa kwa mvuke, yenye mabawa ya futi 150, karibu mita 46 kutoka ncha hadi ncha. Yeye na mwenzake John Stringfellow walitaka kuunda kampuni ya kubeba abiria na barua, na mwaka 1843 picha zikaenea magazetini: ndege juu ya London, ndege juu ya mapiramidi ya Misri. Ukizitazama bila ya kujua, utaapa kwamba mchoraji aliiona kwa macho yake. Ndege yenyewe haikujengwa. Walijenga mfano mdogo, wakaujaribu kwa miaka kadhaa, ukashindwa kujibeba.

Henson hakuwa mjinga. Alikuwa na mabawa yaliyotulia pasipo kupigapiga, mkia mbali na mabawa, na mapanga ya kusukuma hewa, umbo ambalo ndege zilikuja kulifuata. Kilichomwangusha ni uzito. Injini ya mvuke wa siku zile, pamoja na tangi la kuchemshia, maji yake na moto wake, ilikuwa nzito mno kwa nguvu iliyoitoa. Ndugu wawili wa Kimarekani, Wilbur na Orville Wright, walipopaa kwa ndege yao tarehe 17 Disemba 1903 walikuwa na injini ya petroli ya nguvu za farasi 12 hivi, na safari ya kwanza ilichukua sekunde 12 kwa mwendo wa mita 37 tu. Kwa Henson, jibu la swali la injini lilikuwa bado miaka 60 mbele.

Wengi hudhani uvumbuzi wa gazetini hujulikana kwa ajabu yake. Sivyo, na sisi Wazanzibari tuna ushahidi wetu. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulifika Unguja kutoka Aden kwa chini ya bahari, na habari iliyokuwa ikingoja meli ikawa inafika upesi kuliko chombo chochote cha majini. Seyyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jengo lililokuja kuwa la kwanza hapa kuwa na umeme na lifti. Mwanzoni mwa karne ya 20 gari la moshi likawa linatoka mjini hadi Bububu. Sasa mchukue mtu wa Makunduchi au Chake Chake wa zama hizo. Mwambie kuna waya chini ya bahari unaopeleka maneno, halafu mwoneshe picha ya ndege ya Henson. Ana sababu gani ya kuamini la kwanza akakataa la pili? Kwa ajabu yamelingana. Tofauti ni kwamba waya ulilazwa, ujumbe ukapokewa, na mwenye shaka aliweza kwenda ofisini, akalipa, akatuma wake na akangoja jibu. Jaribio linalorudiwa na mtu asiye na faida ndani yake ndilo linalotenganisha mambo haya mawili.

Na kosa huenda upande wa pili vilevile. Januari 1906 jarida la Scientific American liliandika kwa shaka kubwa juu ya ndege ya akina Wright, wakati ndugu hao walikuwa wamesharuka zaidi ya kilomita 38 mfululizo mwaka uliotangulia. Jarida lilishangaa vipi jambo kubwa namna hiyo liwapite waandishi wa Marekani. Yaani picha ya ndege isiyokuwepo ilizunguka dunia, na ndege iliyokuwepo ikaambiwa ithibitishe kwanza.

Kwa nini magazeti yalichapa mambo haya kwa wingi? Moja ni kwamba picha huuza. Popular Mechanics lilianzishwa Chicago mwaka 1902, na majarida ya namna hiyo yaliishi kwa michoro ya vyombo vipya. Jingine ni hataza. Msomaji akisoma kwamba mtu amepewa hataza, hudhani serikali imeshakijaribu chombo. Hataza humlinda aliyeleta wazo jipya lisiibiwe. Kwa kawaida haimlazimishi kuileta mashine ikazunguka mbele ya ofisa.

Aliyeifanya kazi hii kwa moyo wote ni Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani mwaka 1904. Katika jarida lake la Science and Invention la Julai 1925 alitoa kofia aliyoiita Isolator: kifuniko cha mbao kinachofunika kichwa kizima, vioo viwili vidogo vya kuonea, na bomba la kuletea hewa kutoka kwenye mtungi, ili mwandishi asisikie kelele wala asione chochote ila karatasi iliyo mbele yake. Kofia hii ilitengenezwa kweli, na picha ipo, mtu ameivaa mezani. Haja yake naielewa vizuri. Anayejaribu kuandika kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, vespa zikipita kichochoroni, anajua. Lakini kufunga mlango ni rahisi kuliko kuvaa mtungi. Uvumbuzi mwingine hufa hivi: unafanya kazi, ila gharama na tabu yake inaishinda faida. Dynasphere ya J. A. Purves, gurudumu moja kubwa ambalo dereva huketi ndani yake, ilizunguka kweli ufukweni Uingereza mwaka 1932. Iliposhindwa ni kwenye kupiga breki na kukata kona.

Kuna aina inayoniuma, nayo ni ile iliyochorwa juu ya ardhi ya watu wengine. Mwaka 1877 Donald Mackenzie alitoa pendekezo la kuchimba mfereji kutoka pwani ya magharibi ya Afrika ili bahari iingie Sahara, meli zipite hadi katikati ya bara. Bonde alilolikusudia, El Djouf, liko juu ya usawa wa bahari, maji yasingeingia. Kipimo kimoja cha mwinuko, kabla ya kuandika neno lolote, kingetosha. Miaka 50 baadaye msanifu wa Kijerumani Herman Sörgel akaja na Atlantropa: ukuta kwenye mlango wa Gibraltar, Bahari ya Mediterania ipunguzwe maji, na bonde la Kongo lijazwe liwe ziwa. Aliushikilia mpango huo mpaka alipofariki mwaka 1952. Ramani zake zina mabwawa, mitambo ya umeme na reli. Wanaoishi Kongo hawamo, wala pa kuhamia hapajaandikwa. Nikisoma mpango wa zamani wa namna hii huanza kwa kutafuta watu wamewekwa wapi, na mara nyingi jibu hilo pekee linaonesha kwamba mwandishi hakukusudia kazi ifanyike, alikusudia isomwe.

Udanganyifu nao una fungu lake. John Keely wa Philadelphia alitangaza katika miaka ya 1870 kwamba amepata nguvu mpya ya kuendeshea mashine, akachukua fedha za wanahisa kwa zaidi ya miaka 20. Alipokufa mwaka 1898, chini ya nyumba alimofanyia majaribio likakutwa tufe kubwa la chuma, la kuwekea hewa iliyoshindiliwa. Ndugu wa habari hii bado yu hai: gari linalokwenda kwa maji, ambalo hutumwa kwenye simu zetu kila baada ya muda. Maji ni haidrojeni iliyokwishaungua, kama majivu yalivyo kuni zilizokwishaungua. Kuitoa tena haidrojeni kunakula nishati isiyopungua ile utakayoipata ukiichoma upya, na njiani nyengine inapotea. Stanley Meyer wa Ohio alidai kuwa na gari kama hilo. Mwaka 1996 mahakama iliona ni ulaghai na ikaamuru awarudishie wawekezaji fedha zao.

Kwa hiyo ukikutana na chombo cha ajabu kwenye ukurasa wa zamani, angalia kama uzito wake umetajwa, nguvu yake inatoka wapi, nani alisimama akakiona, siku gani na mahala gani. Angalia pia kama habari yote iko kwenye wakati ujao: kitaruka, kitabeba, kitatibu. Yakikosekana haya, kiweke fungu la uvumbuzi wa gazetini, lakini usikitupe. Februari 1925 Gernsback huyohuyo alichapa mchoro wa Teledactyl, chombo cha daktari kumtazama mgonjwa wa mbali kwenye kioo na kumgusa kwa mikono ya mashine, akasema kitakuwepo ifikapo 1975. Mwaka huo ulipita bila ya chombo hicho. Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux na wenzake, wakiwa New York, walimtoa mgonjwa kibofu cha nyongo huko Strasbourg, Ufaransa, kwa roboti iliyounganishwa nao kwa waya wa kioo unaovuka Atlantiki. Habari hiyo ina hospitali, ina mgonjwa, ina tarehe, na ina madaktari waliosimama kitandani Strasbourg wakiangalia.