Kifaransa cha Kidato cha Kwanza: Kiswahili kinakufikisha haraka zaidi

Kila mwaka, wiki chache baada ya kuanza muhula, nakutana na sentensi ileile kwenye madaftari ninayosahihisha: Je suis quatorze ans. Mtoto alitaka kutaja umri wake, akaupitisha kwanza kwenye Kiingereza, ambako mtu "yuko" miaka kumi na minne. Kwa Kifaransa umri mtu anao: J'ai quatorze ans. Nina miaka kumi na minne. Ni Kiswahili kitupu! Njaa nayo ni hivyohivyo, J'ai faim. Kiu, J'ai soif. Usingizi, J'ai sommeil.

Sekondari zetu hapa Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo wanafunzi huamini Kifaransa nacho lazima kipitie huko. Nawasihi wasipite. Chukua kukanusha. Elle parle, anasema. Elle ne parle pas, hasemi. Kifaransa kinakibana kitenzi mbele na nyuma, ne huku na pas kule; na sisi tumeweka ha- mwanzoni, kisha tukageuza -a ya mwisho kuwa -i. Nikiandika hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, darasa hunielewa kabla sijafungua kitabu.

Au chukua sa mère. Ni mama yake, awe mama wa Juma au wa Asha. Kinachoamua kati ya son na sa ni kile kinachomilikiwa, wala si mwenye nacho, kama tunavyosema kitabu chake lakini meza yake. Aliyezoea Kiingereza hutafuta kwanza kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, na hapo ndipo anapopotea.

Jinsia ya nomino ndiyo inayowatesa. Kwa nini meza, la table, iwe ya kike na kitabu, le livre, kiwe cha kiume? Hakuna maelezo ya kumridhisha mtoto, kama ambavyo hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini mti na mkate viko ngeli moja. Tofauti ni kwamba ngeli zetu mara nyingi zinaonekana kwenye neno lenyewe, ilhali kwa Kifaransa dalili ni chache na zinadanganya. Kwa hiyo kwangu neno lililoandikwa bila le au la halipati alama, hata herufi zote zikiwa sahihi. Wanalalamika sana muhula wa kwanza. Hapa Kiswahili hakisaidii, na kwenye il na elle kinaponza kabisa, maana sisi wote ni "yeye", na mtoto husimulia habari za mama yake kwa il bila kushtuka.

Kisha sauti. Dessus ni juu, dessous ni chini, na kinachozitenganisha kwa sikio ni irabu ya mwisho tu. Ou ni u yetu ya "kuku". Ile u yao hatuna. Mwambie mwanafunzi atamke "i" ndefu, ulimi usisogee, kisha akunje midomo kama anayepiga mluzi. Itatoka. Nawapa dakika tano kila siku kwa wiki mbili, na madarasa ya jirani wameshatuzoea.

Namba ni rahisi hadi 69. Halafu 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi. 80 ni quatre-vingts, ishirini nne. 99 ni quatre-vingt-dix-neuf, ishirini nne na kumi na tisa. Siku hiyo huwa nafundisha pia septante na nonante, sabini na tisini za moja kwa moja, zinazotumika Ubelgiji, na Kongo pia, ambako Kifaransa kiliingia na Wabelgiji. Mwanafunzi wangu akija kufanya biashara na mtu wa Lubumbashi, akatajiwa bei ya nonante, asidhani mwenzake amekosea.