Seli shina pluripotenti zinaweza kuwa nini (na kwa nini hazikai kwenye paketi)

Naulizwa sana kuhusu seli shina, yaani seli ambazo zinaweza kugeuka aina nyingine za seli, hasa tangu watu waanze kuuziwa ule unga wa kuchanganya na maji unaodaiwa kuwa na seli hizo, kwa hiyo ngoja nieleze hizi ninazozikuza mimi maabara, zinaitwa pluripotenti.

Mimba ikiwa na siku kama tano hivi ni kibonge kidogo sana cha seli chenye uwazi ndani. Seli za nje zinaenda kutengeneza kondo la nyuma, za ndani ndo zinakuja kuwa mtoto, na hizo za ndani ukizitoa ukazikuza zinaweza kugeuka neva, ngozi, damu, ini, kongosho, seli yoyote ile ya mwilini. Za binadamu alizikuza kwanza James Thomson kule Marekani 1998, na ubishi ukaanzia hapo hapo maana ukizitoa hizo seli, kiinitete (hiyo mimba changa) kinaharibika.

Afu akaja mwanasayansi Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani. 2006 yeye na Kazutoshi Takahashi walichukua seli za kawaida za panya, wakaanza na jeni 24 wakapunguza mpaka zikabaki 4 tu, ukiziingiza hizo seli iliyokomaa inarudi ilikotoka, inakuwa pluripotenti tena! 2007 wakafanya kwa seli za binadamu, 2012 akapewa Nobel pamoja na John Gurdon.

Mimi napenda zaidi kuzigeuza ziwe seli za moyo. Unawasha njia ya ishara inayoitwa Wnt, yaani mfumo ambao seli inapokelea maagizo, siku chache baadaye unaizima, unaendelea kuzibadilishia chakula, halafu kama siku ya 8 au ya 10 unachungulia kwenye maikroskopu unakuta zinadunda, kipande hapa kipande pale, hamna neva wala ubongo wa kuziamrisha, zinadunda tu zenyewe.

Ila ukizidunga mwilini kabla hujazigeuza zinaota uvimbe, teratoma, ndani kuna gegedu, utumbo, tishu ya neva, vyote shaghalabaghala. Ndo maana 2014 kule Kobe, mgonjwa wa macho alipandikizwa seli zilizokwisha kugeuzwa kuwa tabaka la retina, sehemu ya nyuma ya jicho.

Sasa huo unga. Seli hizi zinataka nyuzi 37 na chakula kipya karibu kila siku, Jumapili imo, na ukitaka kuziweka muda mrefu ni kwenye naitrojeni ya maji. Kwenye paketi hazikai, na ukimeza seli tumbo linaisaga. Mzazi wako akiambiwa unga huo unaponya kisukari, tafadhali asiache dawa zake.