Je, wajua kwa nini barakoa hunasa hata chembe zilizo ndogo kuliko matundu yake?

Vumbi la Agosti hapa Dodoma ndilo lililonizoesha kuvaa barakoa, na ndilo lililonipotosha. Kwa kuwa wekundu wa vumbi ulibaki nje ya kitambaa, niliamini kwamba barakoa ni chekecheke: punje kubwa hubaki, ndogo hupita. Kirusi cha UVIKO-19, chenye upana wa takriban mikromita 0.1 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kingepita bila hodi, na nimewahi kulitetea hilo kwa ujasiri nisioustahili.

Kwanza, kirusi hakisafiri peke yake, bali ndani ya vitone vya mate na makamasi vilivyo vikubwa kukizidi. Pili, na hapa ndipo nilipokosea zaidi, barakoa haitegemei tundu bali uzi: chembe ikigusa uzi mmoja tu, imeganda.

Tazama shamba la zabibu la Hombolo, lenye safu baada ya safu za nguzo. Ng'ombe anayekimbia hawezi kukata kona, hivyo huzigonga. Mlevi naye, ingawa ni mdogo kuliko ng'ombe, huyumba huku na huku hadi aikumbatie mojawapo. Anayefika ng'ambo ni yule asiye na mbio wala pombe. Katika hewa, huyo ni chembe ya takriban mikromita 0.3; zilizo ndogo zaidi yake husukumwasukumwa na molekuli za hewa na kuyumba kama mlevi, kwa hiyo hunaswa kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana barakoa ya N95 hupimwa kwa chembe za ukubwa huo mgumu, na sharti inase angalau asilimia 95. Nyuzi zake pia zina umeme tuli, kama kitana kinachovuta vipande vya karatasi, na sabuni huuondoa. (Yangu niliifua, ilitoka ikiwa safi na dhaifu.)

Yote hayo hutegemea barakoa kubana uso. Katika jaribio la vijiji vya Bangladesh la 2020 hadi 2021, barakoa za hospitali zilipunguza maambukizi yenye dalili kwa kiasi kidogo, ilhali ushahidi wa zile za kitambaa haukuwa thabiti. Kunawa mikono husaidia dhidi ya kinachobebwa na mikono, lakini hakuigusi hewa. Dirisha lililofunguliwa huibadilisha hewa hiyo kwa kila abiria, awe amevaa barakoa au hakuvaa. Katika daladala zetu, hata hivyo, dirisha hufungwa ili kuzuia vumbi, ambalo hata leso ingelipunguza, na pumzi za abiria wote hubaki ndani.